Risasi Iliyobaki Bombani

Jana mchana bunduki ilikuwa imetema kartushi zote nne bila kusita. Leo asubuhi ilitema tatu, kisha ikafunga mdomo.

Inspekta Kabedi alivuta tena mkono wa chuma ulio ubavuni. Hakuna kilichoruka. Alichungulia chumba cha mtutu: kitupu. Alitazama kijiko, kile kibamba cha chuma kinachopokea kartushi kutoka bomba la chini na kuipandisha chumbani: kitupu pia. Mtu mwenye haraka angeapa kwamba bunduki haina kitu.

"Ulitia ngapi?" alimuuliza msaidizi wake, Brigedia wa polisi Jean-Baptiste.

"Ine, Mama Inspekta. Nilizihesabu kwa Kifaransa, nikarudia kwa Kiluba."

"Basi moja iko wapi?"

Jean-Baptiste alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango. "Ile kintu iko na pepo. Minyi nilisema tangu jana."

"Pepo hali kartushi. Leta mbabula, baridi inaniingia mifupani."

Kabedi hakuwa fundi wa bunduki. Alikuwa na diploma ya chuo, watoto wanne, na sauti moja tu aliyoitumia nyumbani na kazini. Mafunzo ya polisi yalimfundisha kufungua bastola na kalashi. Bunduki hii ya wawindaji, inayojilisha yenyewe kila inapopiga, alikuwa anajifunza sasa hivi, kwa kuwa mtu alikuwa amekufa nayo.

Aliyekufa ni Mbuyu, mzee mstaafu wa reli, mlinzi wa usiku katika depo ya samaki wakavu karibu na stesheni. Jumamosi alfajiri risasi moja ilimwingia mgongoni. Bunduki ilikuwa mikononi mwa tajiri wake, Hamadi, mfanyabiashara anayeleta samaki kutoka Kinkondja. Hamadi hakukimbia. Walimkuta amepiga magoti kando ya maiti, akirudia neno moja: ilikuwa tupu, ilikuwa tupu.

Kamina nzima ililicheka neno hilo. Bunduki tupu inamuua nani? Kwenye lango la kituo, watu wa reli walikuwa wamesimama tangu jana, wanaume kwa wanawake, bila kelele, na Kabedi angependelea kelele. Wengine walikuwa wameanza kusema "watu wa Maniema", alikotoka Hamadi, badala ya kusema "Hamadi". Kesho asubuhi angekuja naibu wa mwendesha mashtaka, Bwana Kasanda, ambaye kila mtu humwita Substitut. Angeuliza swali moja: Hamadi alijua kwamba kuna risasi ndani, au hakujua? Kama alijua, ni mauaji. Kama hakujua, ni ajali, naye analala kwake.

Jean-Baptiste alirudi na mbabula iliyojaa makaa, akaiweka kati yao. Kabedi aliiegemeza bunduki ukutani kando ya moto, bila kuifunga, akamimina chai ya watu wawili.

"Sema tena alivyosema Hamadi."

"Anasema hivi. Mbuyu anajaza bunduki kila magaribi, mara ingine tatu, mara ingine ine, kulingana na kartushi ziko. Asubuhi Hamadi anafika, anazitosha. Ile siku alitosha tatu, akavuta tena, hakuna. Akaacha bunduki wazi, akaiweka ku ukuta karibu ya mbabula. Banakunywa chai. Kisha akaifunga, akakamata gasheti ju alaze nyundo, njo ikapiga. Mbuyu alikuwa ku mlango anafunga blanketi ku kinga."

Kinga, yaani baiskeli yake; na kutosha, kwa Kiswahili cha Kamina, ni kutoa, gasheti ni kifyatulio. Kulaza nyundo halikuwa jambo la ajabu. Kila mwenye bunduki katika jimbo hili, akishaitoa risasi, huvuta kifyatulio ikiwa tupu ili springi isichoke. Kabedi alilijua hilo. Ambalo hakulijua ni kartushi ya nne ilitoka wapi.

"Mwanangu wa tatu," alisema, "nikimpa kidonge cha malaria anakunywa maji yote, anafungua mdomo, anasema ah. Nikigeuka, anakitema nyuma ya kitanda. Alikuwa anakiweka chini ya ulimi."

"Ulimufanya nini?"

"Nilingoja. Kidonge ni kichungu. Kikianza kuyeyuka..."

Tak.

Jean-Baptiste alimwaga chai juu ya suruali yake. Sauti ilitoka ndani ya bunduki. Kabedi aliinuka, akainama juu ya uwazi wa ubavuni. Juu ya kijiko, palipokuwa patupu, kartushi ya nne ilikuwa imelala kama mgeni aliyefika bila kubisha.

Alibonyeza kitufe cha kufungia. Chuma kilikwenda mbele kwa kishindo, kijiko kikapanda, kartushi ikaingia chumbani. Aliuelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga pembeni, akavuta kifyatulio. Nyundo iligonga. Haikulia, kwa sababu kartushi za majaribio alizitengeneza mwenyewe: maganda yaliyokwisha kupigwa, yamejazwa mchanga, mdomo umezibwa kwa nta ya mshumaa kama wawindaji wanavyoziba zao. Ingekuwa na baruti, ukuta ungejua.

"Basi anasema kweli," alisema Jean-Baptiste.

"Inawezekana anasema kweli. Si kitu kimoja."

"Ni kartushi njo imevimba, Mama. Bantu ya Kabongo banajaza ganda moja hata mara tano. Linavimba, linakwama."

Kabedi naye alikuwa amelifikiria hilo. Aliitoa bunduki nje, akailaza juu ya sementi ya baraza mpaka chuma kikapoa kabisa, akazitia kartushi upya kwa mpangilio mwingine. Tatu zilitoka, moja ikabaki. Akabadilisha tena. Kila mara iliyobaki ilikuwa ile iliyotangulia kuingia, iliyo mwisho kabisa wa bomba, hata iwe ipi. Kosa halikuwa la kartushi. Lilikuwa la mahali.

Alifungua kifuniko cha mbele cha bomba, akaingiza kidole, akakitoa kimepakwa mafuta meusi mazito. Kwenye baridi yalikuwa magumu kama sabuni. Karibu na mbabula yalilegea. Hakuhitaji kuuliza ni mafuta gani. Baba yake alirudi nyumbani na harufu hiyo kila siku ya maisha yake ya kazi.

"Grisi ya magurudumu ya wagoni," alisema. "Nani katika mji huu anaweza kuipaka bunduki grisi ya treni?"

"Muntu wa treni," alisema Jean-Baptiste, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa anatania.

*

Constant alikuwa karakanani, chini ya wagoni, amevaa ovaroli na utepe mweusi mkononi. Alikuwa fundi wa vyuma wa reli, na mdogo wake Mbuyu, baba mmoja mama mmoja. Alipouona mfuko mrefu begani mwa Kabedi alitoka polepole, akajifuta mikono muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Papa Constant, pole."

"Asante, Mama. Nyumba imejaa bantu. Huku angalau chuma hakilii."

Kabedi alimwonyesha kitambaa chenye mafuta. "Ni weye uliitia bunduki ya Hamadi hii?"

Constant hakukinusa hata. "Njo minyi."

"Ju ya nini?"

"Ilikuwa mugonjwa." Alikaa juu ya kipande cha reli. "Samaki iko na chumvi, Mama. Chumvi ya depo ilikula kale kajino kanazuia kartushi ndani ya bomba. Kajino kakiisha, zinatoka mbili pamoja, zinagombana ku kijiko, bunduki inakwama. Hamadi alinileteya. Nilitafuta kajino ingine, Kamina hakuna, Lubumbashi hakuna. Nilisugua kutu, ikakataa. Njo nikafikiri: kama zinakimbia sana, nizipunguze mwendo. Ku reli, kintu yenye mbio tunaitia grisi nzito, inatembea na adabu. Nilitia, nikajaribu. Zilitoka moja moja. Nilifurahi."

"Ulijaribu saa ngapi?"

"Mchana."

"Kwenye jua."

Constant alimtazama. Kabedi hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno, na hakuona faida ya kuanza leo.

"Kwenye baridi grisi yako inaikamata ya mwisho. Mtu anavuta, anaona tupu. Bunduki ikipata moto, inaiachilia. Nimeiona leo kwa macho yangu."

"Najua," alisema Constant.

"Unajua?"

"Nilijua kabla sijamrudishia. Niliiacha hapa usiku, asubuhi nikaona njo vile. Nilimwambia Hamadi: Papa, kukiwa baridi, usivute kwanza. Gonga kitako chini mara mbili, nguvu, zote zitashuka, njo uvute. Nilimuonyesha. Aligonga yeye mwenyewe, hapa unasimama."

"Nani alisikia?"

"Yee na minyi."

Nje, injini ilipita ikisukuma mabehewa. Kelele ilipopungua, Constant alikuwa amekwisha kuufikia mwisho wa mawazo yake bila msaada.

"Anasema nini, yeye?"

"Sijamuuliza bado."

"Akisema sikumwambia?"

"Nitakuwa na neno lako na neno lake."

"Na kama bantu banaamini lake," alisema Constant, "basi yeye hana kosa. Alishika bunduki alifikiri tupu. Minyi njo nilitia grisi, minyi njo nilinyamaza. Minyi njo niliua ndugu yangu." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayesoma kipimo. "Marthe atanitazama namna gani? Na watoto ya Mbuyu?"

Marthe ndiye mjane. Kabedi alikikunja kitambaa chenye mafuta, akakitia mfukoni.

"Mbuyu na Hamadi walikuwa na ugomvi?"

"Hapana. Walikula sahani moja." Alifikiri. "Ijumaa Mbuyu alipita hapa. Alisema, Constant, kuko kintu ndani ya magunia ya depo inanisumbua, Jumapili kisha misa nitakuambia. Sikumuuliza. Nilifikiri ni panya."

*

Baridi ilipoanza kurudi jioni, Kabedi alijaribu. Alivuta bila kugonga: tatu zikatoka, moja ikabaki. Aligonga kitako chini mara mbili, akavuta: zote nne. Constant alikuwa anasema kweli juu ya chuma. Ilibaki kujua kama alisema kweli juu ya maneno. Mtu aliyemuua ndugu yake kwa mafuta ana kila sababu ya kukumbuka onyo ambalo hakulitoa.

Alikwenda kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya kituo. Hamadi aliinuka alipomwona. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu hata baada ya kulala sakafuni, kofia yake ameikunja na kuiweka juu ya goti ili isichafuke.

"Bunduki yako ni mbovu, Papa Hamadi," alisema Kabedi. "Inaficha kartushi."

Hamadi alifumba macho. Akakaa. "Kumbe," alisema. "Mungu ni mkubwa. Nilianza kufikiri nimerukwa na akili, Mama Inspekta. Nilivuta, nikaona tupu, nikaifunga. Usiku ndotoni ninavuta tena, ninaona tupu tena, halafu ninasikia ule mlio."

"Fundi alipokurudishia alikwambia nini?"

"Alisema imepona."

"Ni hayo tu?"

"Alisema nisiiweke karibu ya chumvi. Nikamwambia, ndugu yangu, niko nauza samaki, nitaiweka wapi, mbinguni?" Alicheka kidogo, akajionea haya. "Yule ni mtu mwema. Usimwelemee. Hakujua."

"Hakukuambia jambo lolote la namna ya kuitoa risasi?"

"Hakuna. Angeniambia, Mbuyu angekuwa anakunywa chai yangu leo." Macho yalimjaa maji. "Alikuwa mukubwa wangu, Mama. Mtoto wangu Yasmina alimwita babu. Nitamwambia nini?"

Kabedi alimtazama akilia. Alikuwa amewaona wengi wakilia chumbani humo, na wachache walilia vizuri hivi, bila kumchungulia kati ya vidole. Alimwamini. Kisha akarudi ofisini akiwa na hasira, kwa sababu alimwamini pia Constant, na mmoja wao alikuwa amemdanganya usoni.

"Tupige kura," alisema Jean-Baptiste.

"Nyamaza nifikiri."

Alifikiri mpaka chai ikapoa. Ukimwambia mtoto "nionyeshe unavyonawa mikono," ananawa mpaka kwenye viwiko. Anavyonawa kweli unaviona wakati hajui kama unatazama na chakula kinamngoja.

"Jean-Baptiste," alisema, "kesho nitakugombeza mbele ya Substitut. Nitakuita mjinga. Utajibu neno moja tu: zinafanana. Usiongeze hata salamu."

"Nitaanza lini kuwa mujinga?"

"Usijali. Nitakuambia."

*

Walikusanyika uwanjani asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mapaa. Substitut Kasanda alikuja na koti refu na skafu, akauliza kwanza kama haingewezekana kungoja jua.

"Jua linaharibu ushahidi," alisema Kabedi.

Constant alikaa kwenye benchi kando ya ukuta. Hamadi alisimama katikati, polisi wawili nyuma yake. Kabedi alieleza grisi, kijino kilicholiwa na chumvi, baridi na moto. Hakusema neno juu ya kugonga. Kisha Jean-Baptiste akampa Hamadi bunduki, bila mtu kusema ndani mna ngapi.

"Ni kartushi za mchanga," Kabedi alimwambia. "Haziui. Fanya kama ulivyofanya Jumamosi, usiongeze, usipunguze."

Hamadi alivuta. Moja iliruka, ya pili, ya tatu. Alivuta tena: hakuna. Alimgeuzia Substitut ubavu wa bunduki ili ajionee. Substitut aliinama, akatazama, akatikisa kichwa. Hamadi aliiegemeza karibu na mbabula, mikono akaiweka nyuma, wote wakangoja huku pumzi zikionekana. Baada ya muda ikasikika: tak. Substitut alishtuka kama Jean-Baptiste alivyoshtuka. Hamadi aliifunga, akauelekeza mtutu kwenye gunia, akavuta kifyatulio. Nyundo iligonga.

"Njo vile," alisema kwa sauti ndogo. "Njo vile tu."

Substitut aliikaza skafu yake. "Nimekuwa kazini miaka mingi, sijapata kuona kitu kama hiki," alisema. "Inspekta, kazi nzuri. Mtu huyu alidanganywa na chuma. Kuhusu yule aliyekitengeneza..." Alitazama benchi. "Huyo tutamfungulia faili yake. Kuua kwa uzembe."

Constant aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Hamadi alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilionekana ya kweli kabisa.

"Tumemaliza," alisema Kabedi. "Jean-Baptiste, ifunge kwenye mfuko, na vielelezo vyote vipelekwe parke, ofisi ya mashtaka, pamoja na Bwana Substitut."

Jean-Baptiste aliibeba bunduki hadi meza ya barazani, akainama huko na kopo la Hamadi, ambamo zilikuwamo kartushi zilizokutwa depo. Aliporudi, Kabedi aliitazama bunduki, kisha akatazama kopo.

"Hizi umezitoa wapi? Kwenye kopo? Umezitia zile za kweli ndani, mjinga weye?"

"Zinafanana," alisema Jean-Baptiste.

Uwanja ulitawanyika. Polisi wawili waliruka nyuma. Substitut alijikuta nyuma ya nguzo na skafu yake mkononi. Jean-Baptiste aliishika bunduki mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia, mtutu ukiyumba huku na huku.

"Usiguse kitu chochote," alisema Kabedi. "Utaua mwingine. Papa Hamadi, weye unaijua. Zitoe zote, upesi, na uziache chini."

Hamadi hakusita. Mtu anayekijua chombo chake hawezi kuvumilia kukiona mikononi mwa mpumbavu. Aliichukua, akauelekeza mtutu juu, akageukia ukuta usio na mtu. Aligonga kitako chini. Akagonga tena, kwa nguvu. Ndipo akavuta mkono wa chuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kartushi nne zikalala kwenye vumbi. Alichungulia chumbani, akachungulia kijiko, akampa Kabedi bunduki ikiwa wazi.

"Sasa iko tupu," alisema.

Kwenye benchi, Constant alikuwa amesimama. Mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti.

Kabedi aliokota kartushi moja, akaivunja nta kwa ukucha, akaimimina kiganjani. Mchanga.

"Kwa nini uligonga, Papa Hamadi?"

Hamadi aliutazama mchanga. "Kila mutu anagonga bunduki."

"Ulipotuonyesha Jumamosi yako, hukugonga."

"Nilisahau."

"Ulikumbuka ulipodhani ni za kweli." Kabedi alimpa Jean-Baptiste bunduki bila kumtazama. "Mimi nitakuuliza swali moja, na Bwana Substitut aandike jibu. Jumamosi asubuhi, uligonga au hukugonga?"

Hamadi alifungua mdomo. Kabedi aliona jibu la kwanza likifika mpaka kwenye meno yake, kisha akaona amelitambua. Kama aligonga, kartushi ya nne ilitoka pamoja na wenzake, na ile iliyomuua Mbuyu aliirudisha mwenyewe. Kama hakugonga, yeye anayegonga hata mbele ya polisi bila kufikiri, basi asubuhi hiyo moja aliuzuia mkono wake.

Alikunjua kofia yake, akaivaa, akaiweka sawa kwa vidole viwili.

"Nitasema na wakili," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. Machozi ya jana hayakuonekana hata njia yalikopita.

Substitut alitoka nyuma ya nguzo. "Sababu ni nini?" alimuuliza Kabedi polepole. "Walikula sahani moja."

"Sijui bado. Ila Ijumaa Mbuyu alisema kuna kitu ndani ya magunia kinachomsumbua. Jean-Baptiste, chukua watu, funga depo. Gunia hata moja lisitoke. Mwaga samaki wote chini, utazame kilicho katikati."

Aliposema "magunia", Hamadi aligeuka. Ilikuwa mara ya pili asubuhi hiyo kufanya jambo bila kulipima. Polisi walimshika mikono wakamrudisha kasho.

Kabedi alikwenda kwenye benchi. Alikuwa amebeba neno jema na alitaka kulitua.

"Ulimwambia," alisema. "Sasa kila mtu ameona. Hukumuua ndugu yako."

Constant hakukaa. Alikuwa anautazama ule ukuta, mahali kitako kilipogonga, ambapo palibaki alama mbili za duara kwenye vumbi.

"Alijifunza vizuri," alisema. "Siku ile karakana nilimufundisha mara tatu, Mama. Nilimwambia, ukisahau kugonga, utaona tupu, na haitakuwa tupu. Nilisema maneno yale. Nilimuonyesha na wapi inajificha, na moto unaitosha namna gani." Alimgeukia. "Alikuwa anatafuta namna ya kuua muntu bila kosa, na minyi nilimuchoreya njia."

Kama mama, Kabedi angemwambia si kweli. Kama inspekta, alijua kwamba Hamadi hakuwa na njia nyingine rahisi kama hiyo kabla ya kwenda karakana.

Langoni, watu wa reli walikuwa wameanza kusogea. Mtu alikuwa amekwisha kuwaambia jambo, na jambo lilikuwa linapita mdomo hadi mdomo likibadilika kila hatua.

"Nenda kwa Marthe," alisema Kabedi. "Sasa hivi, kabla hawa hawajafika. Mwambie yote weye mwenyewe, na hilo la kumfundisha pia. Akilisikia kwa mwingine, hutakaa tena katika nyumba ile."

Constant aliitikia kwa kichwa. Alivua utepe mweusi ulioteleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaufunga upya juu ya kiwiko kwa mkono mmoja na meno, akatoka kwa mlango wa nyuma.